Ukurasa wa Pili

Mtu akiniambia kitu ni bure, nakasirika kabla hajamaliza kusema. Ndugu zangu wanajua na wananitania. Mimi sicheki.

Miaka ile ya utandawazi, tulipokuwa tukiimbiwa asubuhi na jioni kwamba dunia imekuwa kijiji, nilikuwa nasoma ng'ambo. Baba akaugua. Kaka yangu alipiga simu chuoni, akawahi kusema mambo mawili kabla haijakatika: hali si nzuri, na njoo. Nikapata tiketi ya bei nafuu, yaani ile ya kukushusha njiani, kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine, ukakaa masaa manne ukisubiri ndege ya pili. Kabla ya kuondoka nilimwandikia baba mdogo barua pepe, nikamtajia siku nitakayofika Dar es Salaam, nikamwomba anieleze baba anaendeleaje. Singida mjini kulikuwa na internet kafe ya mfanyabiashara mmoja aliyewahi kuuza mitumba. Baba mdogo alikuwa akienda pale kwa baiskeli kutoka Unyambwa, na binti wa kafe akimfungulia barua zake.

Uwanja ule niliposhukia ulikuwa unang'aa mpaka unaumiza macho. Kompyuta za bure zilikuwa nne, za kutumia umesimama, mbele ya duka la manukato. Kila mtu dakika kumi na tano. Dakika zinahesabiwa kwenye kona ya kioo, zikiisha kila kitu kinafutika na aliyeko nyuma yako anasogea. Nilipanga foleni karibu saa nzima nyuma ya watu waliokuwa wakiangalia matokeo ya mpira.

Jibu la baba mdogo lilikuwepo. Nikamshukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema.

Baba mdogo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwake barua ni mwandiko. Hakukubali binti wa kafe amchapie. Aliandika kwa kalamu, kurasa mbili, akaagiza zipigwe picha kwenye mashine na kutumwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nilichofungua kilikuwa picha, na picha zile zilishuka kwenye kioo mstari mmoja mmoja, kuanzia juu. Kwanza sanduku la posta. Halafu tarehe. Halafu: "Mwanangu mpendwa, salamu nyingi sana. Awali ya yote napenda kukujulisha kuwa sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu."

Wazima wa afya! Nilisonya kwa sauti mpaka mtu wa pembeni akageuka. Nimesafiri kwa sababu kuna mgonjwa, naambiwa ni wazima. Lakini ndivyo barua inavyoanza kwetu, hata kama nyumba inaungua. Picha ikaendelea kushuka. Mama mdogo anakusalimu. Shangazi yako wa Mgori anakusalimu. Majirani wanakusalimu, akawataja. Mvua zilichelewa lakini mtama unatia moyo. Nikawa nausukuma ukurasa kwa kidole, kana kwamba ungeenda haraka. Chini kabisa likatokea neno "Dhumuni", kioo kikawa cheupe, na maandishi ya kuwatakia abiria safari njema yakajitokeza.

Nilimwambia mhudumu baba yangu mgonjwa, naomba dakika tano tu. Akatabasamu. Alinionyesha mkahawa ambako mtandao unalipiwa kwa kadi ya benki. Kadi sina. Nilimwomba mtu aliyefuata kwenye foleni anipishe kidogo, akanigeuzia mgongo. Nikarudi mwisho wa foleni, na zamu yangu ilipofika mashine ilinitaka nianze upya na neno la siri. Safari hii nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa pili. Ulikataa kufunguka. Nikabonyeza tena na tena, mpaka dakika zikaisha na ndege yangu ikaitwa.

Sasa nifike mahali ambapo siwezi kumlaumu mtu mwingine. Nilitua Dar es Salaam Jumatano mchana, nikachukua chumba karibu na stendi ili nipande basi la alfajiri. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na internet kafe, kibao chake nilikisoma vizuri kabisa. Sikuingia. Nilikuwa nimechoka, na nilijiambia, nikasome nini, salamu za majirani? Kesho nitakuwa nyumbani, baba nitamwona mwenyewe.

Nikapanda basi. Lami iliisha, vumbi likaanza, na jua lilikuwa limeshazama nilipofika Unyambwa. Mama mdogo akanipokea begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Za huko?"

"Nzuri. Baba yuko wapi?"

"Na masomo?"

"Nzuri, mama. Baba?"

"Kaa kwanza. Kunywa maji."

Nikanywa. Baba mdogo akaingia, nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti taratibu, akauliza habari za ndege. Nikarudia swali langu.

Akanitazama kwa mshangao. "Si nilikuandikia? Tumempeleka Dar es Salaam, wiki ya pili sasa. Kaka yako yuko naye. Nilikwambia ukishuka usije huku, nenda moja kwa moja hospitali. Na jina la wodi niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Ukurasa wa pili."

Nilimpandishia sauti. Mtu ninayemwamkia shikamoo, nilimfokea mbele ya mkewe kwamba salamu zake zimenizungusha nchi nzima, kwamba angeandika hilo moja tu ningekuwa kitandani kwa baba tangu jana. Hakukasirika, na hilo likanizidishia hasira. Alisema, "Mwanangu, mtu hatupiwi habari mbaya kabla hajajuliwa hali."

Alfajiri nikapanda basi la kurudi. Siku nzima tena, vumbi lile lile. Asubuhi iliyofuata, muda wa kuona wagonjwa ulipofika, nilikuwa wa kwanza mlangoni. Kitanda cha baba kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Kaka alikuwa ameshakwenda kutafuta gari la kubeba jeneza, la kutupeleka nyumbani sote watatu.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mzee mmoja. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye ndege. Nikamjibu ndimi.

"Jumatano mchana ilipita ndege kubwa moja hapa juu," akasema. "Baba yako akatwambia, huyo ni binti yangu, ameshafika, niinueni asinikute nimelala. Tukamwinua, tukamwegemeza mito, akauelekea mlango. Kaka yako alimsihi alale, akakataa. Alikaa hivyo mpaka taa zilipozimwa."