Mtu wa Tatu Ndani ya Nyambizi

Niliwasikia wazamiaji wanaondoka. Chumba cha mbele kilikuwa kimeshafunguliwa kutoka changu na kuvutwa juu, pamoja na wenzangu wawili waliokuwa ndani yake. Mimi nimebaki chumba cha nyuma, giza, maji ya baridi yamenifika kifuani. Niligonga chuma kwa spana mpaka mkono ukafa ganzi. Juu kimya.

Sasa niseme nilivyoingia mle, maana ripoti ya karakana inasema nilijipenyeza.

Mimi nina darasa la saba. Kazi yangu huku ughaibuni, pale karakana ya mtaa wa Wetherill Park, ilikuwa kupiga msasa na rangi. Nyambizi yenyewe ndogo, ya kukagulia nguzo za madaraja. Siku ya kuijaribu baharini, mifuko ya mchanga ya kuweka uzito nyuma haikuletwa. Supavaiza akanitazama tumbo.

"Una kilo ngapi wewe?"

"Mia na kitu, bosi."

"Ingia. Dakika kumi tu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndio ujinga wangu.

Kila anayeingia hutundika kibati chenye namba yake kwenye ubao, wa nje wajue nani yumo. Nilitundika changu. Nyambizi ilipozama ikagoma kupanda, supavaiza alikitoa akakitia mfukoni, kwa sababu mpiga rangi haruhusiwi kuwa ndani. Wazamiaji walipofika wakakuta vibati viwili, wakatoa watu wawili. Rubani, mmoja wa hao wawili, akawaambia kuna wa tatu. Supavaiza akasema huyo kakosa hewa, anaweweseka.

Aliyeniokoa ni Mkongo tuliyepiga naye msasa. Alimwona supavaiza akitoa kibati changu, akadhani nilishatoka kabla haijazama. Basi akakaa gatini na bakuli letu la ugali na samaki, kapika mke wangu asubuhi nyumbani Rooty Hill. Sisi tunakula bakuli moja, na hakuna anayeanza mwenzake hajafika. Akangoja. Alipoona wazamiaji wanakunja kamba na mimi bado sijaja kula, akamshika mmoja mkono.

"Ndugu yangu iko ndani. Chakula yake hii hapa."

"Ameenda nyumbani," supavaiza akasema.

"Yule? Aache samaki? Hapana, patron. Yule hata kwa matanga anakula mara mbili."

Mzamiaji alicheka, halafu akaacha kucheka. Akavaa tena mtungi wake, akashuka, akagonga. Nikajibu. Winchi ikanipandisha na chumba chote.

Hospitali mwenye karakana akaniletea karatasi nitie sahihi, eti niliingia bila kuagizwa. Binti yangu akaisoma yote. "Baba, wanasema kosa ni lako." Mke wangu akasema tia tu, tupumzike. Sikutia. Wameileta tena mara mbili, sikutia, na sitatia.

Wewe supavaiza, na wewe mwenye karakana unayemficha, njooni mkae mbele ya mke wangu na binti yangu. Semeni nani aliniambia ingia. Semeni nani alisema nimeenda nyumbani, wakati anajua nipo chini, hai. Karatasi zenu sizitaki. Nataka mjibu kwa midomo yenu.