Kanuni za Theluji katika Mbuga ya Goweko

Niliondoka Tabora mjini kwenda Goweko, kijijini kwa wakwe, Jumatano moja ya masika kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa wiki hiyo moja tu, na mke wangu, Nyamizi, alikuwa ameshaliandikisha jina la mama yake hospitalini. Aliambiwa mgonjwa afike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Baada ya saa hiyo hapokelewi mtu.

Mwaka uliotangulia tulipata nafasi kama hiyo tukaipoteza. Gari tulilokodi lilizama katika mbuga iliyo kabla ya Goweko, yaani lile bonde la udongo mweusi ambalo kiangazi ni gumu kama saruji na masika ni uji. Lilikaa humo siku mbili. Mama akarudi kijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto wa jicho wake akarudi naye. Treni ilikuwa na ratiba isiyopatana na ya madaktari, na pikipiki mama alikwisha kuapa kutoipanda tena baada ya kuanguka nayo mara moja. Kwa hiyo safari hii nilikwenda mwenyewe, na pikapu yetu kuukuu. Gari hili lina siti za mbele tu na husukumwa na magurudumu ya nyuma.

Lazima nieleze na habari ya kijitabu. Mimi ni fundi wa cherehani. Shule niliacha darasa la saba, na mengine yote nimeyasoma peke yangu, jioni, kwa kamusi na daftari. Kijitabu hicho nilikikuta sokoni katika rundo la karatasi za kufungia karanga, kikiwa hakina jalada. Kilikuwa cha Kiingereza na kilifundisha jinsi ya kuendesha gari kwa usalama penye theluji na barafu. Nilikisoma kwa miezi miwili.

"Baba Kulwa," mke wangu aliniuliza, "hiyo theluji itaanguka Tabora lini, tuanike nguo mapema?"

Theluji sijawahi kuiona. Barafu ninayoijua ni ile ya vifuko wanayonyonya watoto wakitoka shule. Lakini nilifanya jaribio dogo: kila palipoandikwa theluji, niliweka maneno "udongo mweusi uliolowa", kisha nikasoma upya. Hakuna sentensi iliyoharibika. Nikanakili kanuni zote katika daftari langu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa tayari. Kijitabu kinataka vioo vifutwe vyote, si kitundu cha kuchungulia tu, nikavifuta. Kinataka sepetu na vipande vya mbao viwemo garini, nikavipakia. Tena kanuni ya nne inasema gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma liwekewe uzito juu ya magurudumu hayo, kwa kuwa gari tupu huelea. Nikapakia magunia mawili ya mchanga wa mtoni juu ya ekseli. Jirani yangu, muuza mbao, aliniangalia nikiyafunga kamba.

"Fundi, unawapelekea watu wa Goweko mchanga? Kule wamekwambia umekwisha?"

Nilimjibu kwamba wao wanao, ila magurudumu yangu ndiyo yasiyo nao. Alicheka mpaka nikakata kona.

Nje ya mji barabara ni ya changarawe, na miombo inakaa pande zote mbili ikiwa imeoga. Njia ya zamani ya misafara ilipita upande huu. Wapagazi waliikata kwa miguu, na mizigo kichwani, na wakati wa masika nadhani wangeiacha pikapu yangu nyuma. Nilikwenda mwendo wa baiskeli. Baiskeli mbili zilizobeba mkaa zilinipita kweli.

Saa tatu nilifika mbugani. Nilishuka, nikaikagua kwa miguu na fimbo, kisha nikaingia na gia ya pili, mguu ukigusa mafuta kama mtu anayekanyaga yai. Katikati, mkia wa gari ulianza kuteleza kwenda kushoto. Hapo ndipo kila dereva wa kwetu hukosea, na mimi nilikosea hivyo miaka mingi: hukanyaga breki na kuzungusha usukani kulia. Niliondoa mguu kwenye mafuta, breki sikuigusa, nikauelekeza usukani kushoto, kulekule mkia ulikokwenda, macho yakitazama mbali ninakotaka kufika. Gari likajinyoosha. Nilipofika nchi kavu nilizima injini na kuandika saa katika daftari.

Saa tano nilifika nyumbani kwa wakwe. Niliegesha mbali na ua, nikakohoa mara tatu. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani ana kwa ana. Hawapeani mkono, na wakikutana njiani mama hupinda kando na kujifunika khanga. Lakini kwa miaka minne mama huyu alikuwa haoni anayekuja, na mara mbili tulikaribia kugongana mlangoni, akaona aibu hata akakosa kula. Tangu hapo hukohoa mimi.

Mayunga, shemeji yangu, mdogo wake Nyamizi, alikuja kunipokea. Yeye ni mkulima wa tumbaku.

"Mwangaluka, shemeji! Umefikaje? Umeruka?"

"Nimeendesha."

"Kwenye mbuga ile? Na gari hili la kubebea kuku?"

Nia yangu ilikuwa kurudi Alhamisi. Alhamisi mvua ilianza alfajiri, ikanyesha mpaka jioni bila kupumzika. Nilikaa barazani nikisoma daftari langu, na kila saa iliyopita niliihesabu kuelekea Ijumaa saa sita. Mayunga yeye hakukaa. Bani lake, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, lilikuwa na ufa kwenye tanuri. Jioni nilikwenda kukagua gari, nikakuta magunia mawili matupu yamekunjwa vizuri.

"Mayunga, mchanga uko wapi?"

"Uko kwenye tanuri, shemeji. Mchanga safi kweli, nimepiga lipu yote. Asante sana kwa zawadi."

Nikamweleza mchanga ule ulikuwa wa kazi gani. Alishika kichwa. Mchanga mwingine ulikuwa mtoni, na mto ulikuwa umejaa.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, mvua ilikuwa imekatika. Nilipanga mama akae mbele, penye mto laini, na dada yake mdogo, aliyekuwa anamsindikiza, akae kati yetu. Mama aliposikia, alisimama kwenye ua akiwa amefunikwa khanga kichwani, akanena na Mayunga, si nami, ijapokuwa nilikuwa hatua kumi tu.

"Mwambie mkwe wangu, mimi siwezi kukaa chumba kimoja naye. Hata kama chumba kina magurudumu."

"Mama, nyuma kuna baridi," alisema Mayunga.

"Nina mablanketi. Ninaye na mdogo wangu. Na karanga zangu je, zitakaa na nani?"

Karanga zilikuwa magunia mawili, kwa ajili ya wajukuu. Nilianza kumjibu kupitia kwa Mayunga kwamba haiwezekani, nikakatiza sentensi katikati. Mama mkwe wangu si mwembamba. Dada yake naye si mwembamba. Niliyatazama yale magurudumu ya nyuma ya pikapu na nikakumbuka kanuni ya nne.

Shida ilikuwa namna ya kulisema jambo hilo. Uzito wa mama mkwe si habari anayoizungumza mkwe. Nilimvuta Mayunga pembeni nikamnong'oneza. Alicheka machozi yakamtoka, kisha akajikaza.

"Mama, shemeji anaomba mkae katikati kabisa, juu ya magurudumu. Gari linataka kitu kizito hapo."

Sauti ikatoka chini ya khanga:

"Mwambie kizito kipo."

Tulitandika godoro juu ya ekseli, magunia ya karanga tukayafunga kamba kila upande yawe egemeo, akina mama wakapanda, turubai likawekwa. Mayunga akapanda nao awashike. Tuliondoka saa moja kasorobo.

Saa mbili tulifika mbugani. Lori la mbao lilikuwa limezama katikati, matairi yanachimba, dereva wake amesimama matopeni. Njia ya matairi ya siku zote ilikuwa imezibwa, tena ilikuwa inang'aa.

"Mzee, piga resi upite ubavuni kwa kasi!" alipiga kelele. "Ukienda polepole umekwisha!"

Nilishuka na fimbo yangu. Kijitabu kinasema barafu iliyokanyagwa na kusuguliwa ni mbaya kuliko theluji mpya isiyoguswa. Pembeni, hatua kama ishirini kutoka kwenye njia, nyasi zilikuwa zimesimama, hazijakanyagwa na tairi. Nilichoma fimbo kila hatua tatu, nikaenda mpaka ng'ambo na kurudi. Hiyo ilinigharimu nusu saa. Dereva wa lori alinitazama kama mtu anayetazama mganga.

"Mzee unapima shamba?"

Nikarudi garini. Nilimwambia Mayunga atangaze kwamba hakuna atakayesogea mpaka ng'ambo. Gia ya pili. Mguu juu ya yai. Nyasi zilisugua chini ya gari, magurudumu ya nyuma yakashika. Karibu na lori mkia uliteleza kidogo kulia, nikaufuata kwa usukani, ukarudi. Nyuma yangu nilisikia mama akiimba wimbo wa kanisani, taratibu, na dada yake akimwitikia, na nikagundua kwamba nilikuwa naendesha kwa mapigo ya wimbo ule. Hatukusimama mpaka tairi zilipogusa changarawe.

Mayunga alipiga kigelegele kama mwanamke. Dereva wa lori alivua kofia.

"Mzee, umejifunzia wapi?"

"Kwenye theluji," nilimjibu. Nilimwachia sepetu na vipande vyangu vya mbao, nikamwonyesha mistari yangu kwenye nyasi, na nikamwambia asikanyage mafuta.

Saa tano na dakika kumi tuliingia Tabora. Nyamizi alikuwa amesimama lango la hospitali tangu asubuhi. Aliona pikapu, akaona mama yake juu ya godoro kati ya karanga, akaanza kucheka na kulia papo hapo. Mama aliandikishwa, akafanyiwa upasuaji alasiri hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi bandeji ilifunguliwa. Mimi sikuwapo, nilikuwa naosha gari. Nilikwenda wodini baadaye kumpelekea Nyamizi chai. Mlangoni nilisimama, kama kawaida yangu, nikavuta pumzi nipate kukohoa.

Sikuwahi. Toka upande wa pili wa chumba, vitanda sita mbali, mama mkwe wangu alikuwa ameshanyanyua kichwa. Alinitazama mara moja, tangu viatu hadi kofia. Kisha akavuta khanga juu ya uso wake na kugeukia ukutani, haraka, kwa adabu zote, kama mama mkwe yeyote mwenye macho mazima.

"Baba Kulwa," Nyamizi alisema, midomo ikimtetemeka, "umekimbiwa."

Niliweka chai chini, nikatoka nje. Nilifungua daftari kwenye kanuni ya nne, inayosema uzito uwekwe juu ya magurudumu ya nyuma. Chini yake nikaongeza kwa kalamu: Mchanga unafaa. Mama mkwe anafaa zaidi, na achague yeye mwenyewe mahali pa kukaa.