Kinamama Mbele ya Misonobari

Nimechora mabango ya saluni na bucha za Buzuruga mpaka nikazichoka nyuso za ng'ombe. Kwa hiyo kampuni moja ya mbao iliponiita niichoree misonobari ya shamba lake la Sengerema, picha kubwa ya ukuta wa mapokezi, nilitembea kwa madaha wiki nzima. Kwa mara ya kwanza kazi yangu ingekaa ndani, isinyeshewe.

Nilivuka ziwa kwa kivuko na kanvasi yangu, nikaipita miti mitupu iliyonyooka, nikaiona haina ladha, nikachagua ya pembeni, karibu na maji, iliyojaa matawi hadi chini. Ilinipendeza sana. Nilipopeleka picha, meneja aliitazama, akakunja uso.

"Dada, umechora vizuri, ila hii miti haijapogolewa. Mteja akiona matawi ya chini atajua mbao zetu zina vifundo. Hii siwezi kuitundika."

Nilikasirika. Mimi natafuta uzuri, yeye anatafuta ubao! Lakini sikukubali kushindwa na matawi. Nilirudi shambani, safari hii nikaenda kule kazi ilikokuwa ikifanyika. Kinamama walikuwa wakikata matawi ya chini kwa misumeno yenye mipini mirefu, unga wa mbao ukiwadondokea kwenye vilemba, wakitaniana kwa Kisukuma, na nyuma yao mashina yakibaki safi. Kumbe unyoofu ule niliouona hauna ladha ulikuwa jasho la watu. Nikaanza picha upya, na wao nikawaweka mbele kabisa.

Meneja aliyafurahia mashina. Kisha akawanyooshea kidole kinamama.

"Hawa watoe. Sisi tuliagiza miti."

"Meneja, miti hii haikujipogoa. Wakitoka wao, na picha inatoka."

Nikaanza kuifunga kamba. Ule ukuta niliutaka kweli, lakini sikurudi nyuma. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Haya, irudishe."

Siku ya kuitundika, kinamama nao waliitwa. Walisogea mbele ya picha, na papo hapo ugomvi ukaanza.

"Huyu wa kilemba chekundu ni mimi!"

"Wewe? Tangu lini ukawa na mgongo ulionyooka hivyo?"

Pembeni yao meneja alikuwa akimwambia mgeni wake, kwa sauti ya mwenye mali, "Hawa ndio watu wetu." Nilivimba kichwa hapo hapo, na wala sikuona haya.