Ukuta wa Matete Pale Mwaloni

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumapili mvua ilipokatika kidogo, tulimzika baba mkwe wangu. Niliishi naye ua mmoja tangu nilipoolewa, nikampikia karibu kila siku, lakini uso wake niliuona vizuri siku ile tu, akiwa amelala kwenye jeneza. Mwanangu, wewe kijana wangu alikuoa kutoka Mbeya mjini, najua jambo hili linakushangaza. Kwetu huku Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mkamwana hakukutana macho na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, aliacha njia akaingia migombani mpaka apite. Haikuwa chuki. Ndivyo tulivyoheshimiana. Siku hizi wengi mmeacha, wala siwalaumu.

Tangu msiba ule kuna siku moja hainitoki kichwani. Nakusimulia wewe kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba mikutano ya kijiji ni ya wazee wasio na kazi.

Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni, huyo mume wako. Mwalo wetu wa mitumbwi ulikuwa umejaa matope baada ya mafuriko, wavuvi wakawa wanazama mpaka magotini wakivuta mitumbwi nchi kavu. Baba mkwe alikuwa na mitumbwi miwili na maneno yake yalisikilizwa. Akasema mwalo uhamishwe, uende pale mchangani tunapochotea maji. Mchanga safi, maji mapana, nani angekataa? Wanaume wote waliona ni jambo jema. Ilibaki mkutano wa kijiji kupitisha tu.

Wakamwana tulizipata habari hizo tukiwa pale pale mchangani, tunasugua masufuria. Tukaanza kulalamika. Mitumbwi ikihamia pale, wakwe zetu watakuwa pale kila asubuhi, na sisi tutalazimika kuondoka. Hakuna atakayetufukuza, miguu yetu wenyewe itatuondoa. Maji tutachotea wapi? Palibaki mahali pamoja tu, pale mto unapoingia ziwani, na pale kuna mamba. Mwaka uliotangulia mamba alimkamata msichana wa jirani yetu. Nilikuwa nikijiona nimeinama na ndoo, mtoto yuko mgongoni.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, tusijue. Akauliza, “Mmemaliza kuyaambia masufuria?”

Tukageuka, masufuria mikononi.

“Yamewajibu nini?”

Mwenzangu mmoja akasema, “Mama, sasa tufanyeje? Mkutanoni wamejaa wakwe zetu. Tutaingiaje?”

“Tusemee basi wewe, Mama,” nikamwambia. “Wewe unaruhusiwa kukaa pale.”

Akanitazama. “Mimi nikisimama kumpinga mume wangu, watacheka. Watasema wale wamegombana nyumbani. Halafu mimi simkimbii mtu, baba mkwe wangu alishakufa. Nitachota maji popote. Wanaokimbia ni ninyi. Kama mnaliogopa jambo hili, lisemeni ninyi, kwa midomo yenu.” Akachukua kisu cha kukatia majani, akaelekea kwenye matete.

Siku ya mkutano, kando ya uwanja, kulikuwa na ukuta wa matete umefungwa kwa kamba za migomba, unampita mtu kimo. Tulipitia nyuma, tukaketi chini, watoto tumewaziba midomo kwa maziwa. Wanaume walipouona ukuta ule walicheka sana.

“Mwenyekiti, hapo pana choo kipya?” mmoja akauliza.

Mama mkwe akasimama. “Hapo wamekaa wananchi wa kijiji hiki. Wana neno.”

Mwenyekiti akakuna kichwa. “Mama, mkutano wa kusemea ukutani niliusikia wapi mimi?”

“Basi leo umeusikia. Kama kuna sheria inayokataza matete, isome.”

Hakuwa nayo. Akasema, haya, ukuta na useme.

Wenzangu wakanisukuma. Mwanangu, sauti ilitetemeka mpaka mtoto akaamka. Nilisema, “Mitumbwi ikienda mchangani, wakwe zetu watakuwepo pale asubuhi na jioni. Tutawapisha, kwa sababu tunawaheshimu. Tutakwenda kuchota kule kwenye mamba. Tunaomba mkubali kwamba mnatupeleka kule.”

Nadhani hakuna mwanamume hata mmoja aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Wangelifikiriaje, na wenye kulijua tulikuwa tunakimbilia migombani?

Ndipo nikasikia baba mkwe akikohoa. “Sauti hiyo inatoka nyumbani kwangu,” akasema, watu wakacheka. Kwa mila hakuweza kunijibu mimi, ikabidi amgeukie mke wake. “Mama, uulize ukuta wako. Mwalo ukibaki pa zamani, matope yale atayatoa nani?”

Nikajibu, “Tutatoa sote. Wao asubuhi, sisi mchana wakishaondoka.”

“Uambie ukuta, nitahesabu makarai.”

“Na sisi tutahesabu ya kwenu,” akadakia mwenzangu mmoja, na safari hii hata mwenyekiti alicheka.

Ilipofika kupiga kura, tulisimama tukainua mikono juu ya matete. Uso hakuna, mikono tu. Mwenyekiti akapita akaihesabu kama ya watu wengine wote. Mwenzangu aliyekuwa pembeni akachungulia kwenye upenyo, akaninong'oneza kwamba baba mkwe naye amenyoosha mkono, upande wetu. Mwalo ukabaki pale pale, matope tukayatoa, na mgongo uliniuma msimu mzima. Lakini kuanzia hapo, kila mkutano wa mambo ya ziwa, mtu alikwenda kwanza kukata matete. Mara nyingi alikwenda yeye, baba mkwe, akayafunga na kurudi kwenye benchi lake kabla hatujafika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ninyi hamna ukuta. Mnaweza kukaa kiti cha mbele, mkamtazama mwenyekiti usoni. Badala yake mnaandika kwenye kundi la simu, mnacheka, mnalala. Nenda ukaketi. Jambo linalokuhusu usiliache likaamuliwa na watu wema wasiolijua. Na ukiona kuna mtu hawezi kuingia kwenye mkutano, usiseme hana neno, mtafutie namna ya kusema. Mungu akupe sauti isiyomdhalilisha mtu, na akupe wakwe wa kukusikiliza kama nilivyopewa mimi. Ndaga, asante, mwanangu, kwa kunivumilia.

Kabla hujainuka, sikia na hili: Jumatano iliyopita kulikuwa na mkutano. Matope yamerudi, na vijana wa mitumbwi wanautaka tena ule mchanga. Nilikwenda. Bila kufikiri nikapita nyuma ya uwanja, nikaketi chini pale ukuta ulipokuwa ukisimama, watu wote wakiniona. Mwenyekiti wa sasa, kijana niliyemwona akizaliwa, akaniita.

“Bibi, njoo mbele. Huna tena wa kumkimbia.”

Ni kweli. Nikafuta macho kwa kitenge. Kisha nikanyanyuka nikaenda mbele, na kwa kuwa benchi alilokuwa akilikalia baba mkwe lilikuwa wazi, nikakaa hapo, nikainua mkono.