Hoho Palipokuwa na Migomba ya Mtori

Nilipoolewa Kilema nikitokea Chekereni, kule tambarare kwenye majaruba ya mpunga, nilikuja na mbegu za pilipili hoho nimezifunga kwenye kitambaa. Mama mkwe alizipokea, akazinusa, akacheka. "Pilipili isiyowasha ni pilipili ya nini?" Hata hivyo alinionyesha mahali pa kupanda: chini ya migomba. Huku mlimani kila kitu hupandwa chini ya migomba. Kahawa iko chini ya migomba, magimbi chini ya migomba, maharage hali kadhalika, na nadhani kama nyumba zingekuwa zinaota, nazo wangezipanda hapo hapo.

Mimi nimekulia mahali ambapo jua halina mpinzani. Nilijua hoho zinataka jua. Lakini mtu aliyeolewa juzi hamfundishi mama mkwe kulima kihamba chake, shamba la nyumbani kwake, kwa hiyo nikafunga mdomo, nikapanda.

Miche ilirefuka hadi kiunoni, majani mapana, shina jembamba la kutia huruma. Ikatoa maua meupe, na maua yote yakapukutika. Msimu uliofuata ikawa vile vile. Asubuhi nilikuwa nikiyaona chini, moyo unaniuma, kwa sababu mimba zangu nazo zilikuwa zimeharibika mara mbili, na sikuhitaji bustani inikumbushe.

Karibu na banda la ng'ombe palikuwa na migomba ya mshare, ndizi nzuri kuliko zote kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Huku mzazi hunyweshwa mtori mpaka mashavu yajae, na migomba ile mama mkwe aliitenga tangu wiki niliyoingia nyumbani, kwa ajili ya uzazi wangu. Mikungu ilipokomaa aliwagawia majirani waliojifungua, machipukizi akayatunza yasubiri zamu yangu. Kila mtu alijua. Jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali kwetu, jirani mmoja ambaye ulimi wake hauna breki alikuwa akichungulia nje na kuuliza, "Jamani, mtori wa hapa tutaunywa lini?" Wenzake walicheka. Mama mkwe aliendelea kumimina chai. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea, na huko niliogopa jambo moja tu: siku mama huyu atakapochoka kunisubiri.

Basi asubuhi moja nikasikia panga. Nikatoka. Mama mkwe, kanga ameikaza kiunoni, alikuwa anaiangusha migomba ile mmoja baada ya mwingine, hata wenye mikungu michanga. Huku mtu hakati mgomba wenye mkungu mchanga bila sababu. Nikamsogelea.

"Mama, umenikatia tamaa?"

Alisimama, akafuta panga kwenye jani. "Nani kakwambia? Hoho zako zinataka jua, na wewe mtu wa tambarare unajua, umekaa kimya misimu miwili kama umemeza jiwe! Unafikiri mimi sioni maua yanavyoanguka?"

"Na mtori?"

"Mgomba unaota tena. Ukizaa, ndizi hazitakosekana mlima mzima. Usipozaa, utakaa hapa unakula machozi? Lete jembe."

Nikaleta jembe huku nalia, na akaniacha nilie. Vigogo vya migomba alivikatakata akampa ng'ombe, kisha tukachimba samadi ya ng'ombe huyo huyo tukaichanganya na udongo. Nikapandikiza hapo miche mipya. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuyaelekeza kwenye tuta langu, kahawa yake ikangoja. Sijawahi kuona mtu mzima anakubali kujifunza namna ile, bila kununa. Aliuliza anyunyize majivu lini, afunge vijiti wapi, akafuata.

Hoho zilikuja nene, zinang'aa, nyingine tukaziacha mpaka zikawa nyekundu. Mama mkwe, yule aliyecheka, akawa anachuma moja na kuitafuna mbichi akienda kukata majani ya ng'ombe. Nilimpenda mno nikimwona hivyo.

Jumuiya ikarudi kwetu. Jirani yule akachungulia kama kawaida yake, akashtuka. "Heh! Mshare wa mtori uko wapi?"

Tangu nimeolewa, mama mkwe alikuwa akinitambulisha kwa watu kama mke wa kijana wake. Sasa aliweka mezani sahani ya hoho zilizokatwa, na chumvi pembeni.

"Nimeukata," alisema. "Ulikuwa unamnyima mwanangu jua. Kaa, ule hoho zake."

Jirani akakaa, akala. Siku hiyo sikwenda jikoni.