Nilimfungia Baba Kamera ya Rivasi, Sasa Mama Anafungasha

Admin, nifichie jina. Mtaa nautaja kwa sababu bila mtaa kisa hakieleweki.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, kifungua mimba kati ya watoto wanne. Tangu niachike nimerudi kuishi kwa wazazi wangu hapa Mbugangari, Gisenyi. Nililelewa na shangazi Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kinachekwa nyumbani. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Baba ana pikapu ya kubebea viazi kutoka Busasamana. Inalala ndani ya ua, na ua wetu ni mwembamba: ukuta wa mawe ya volkano huku, ukuta kule, na nje ya geti kuna mtaro. Nafasi ya kugeuza hakuna, lazima itoke kwa rivasi. Baba naye shingo yake haigeuki vizuri siku hizi. Kwa hiyo kila asubuhi mama alikuwa anasimama nyuma ya gari, mkono juu, anamwelekeza: "Kuya, kuya. Kata kuume. Kidogo. Bas."

Sasa mjue jambo moja. Baba na mama hawasemezani, huu mwaka wa tano. Siku ya kumzika bibi, mama yake mama, baba alivuka mpaka wa Grande Barrière kwenda Goma na mzigo, akisema atawahi kurudi. Alifika watu wameshatoka makaburini na wameshanawa mikono. Hakuomba msamaha. Mama hakugomba wala hakulia mbele yake, alinyamaza tu, na hajaacha kunyamaza. Chakula anapika, nguo anafua, lakini maneno yote yanapitia kwangu. "Mwambie baba yako ugali uko mezani," na baba kakaa pale pale anasikia. Naye ananiambia, "Mwambie mama yako nimeshiba." Nimekuwa posta ya watu wazima wawili na nimechoka.

Mwezi uliopita, asubuhi ya mvua, mama aliteleza nyuma ya gari. Baba hakumwona. Bampa lilimbana goti ukutani, na kama si mimi kupiga kelele kutoka dirishani, leo ningekuwa naandika kisa kingine. Alichechemea wiki nzima. Baba alikaa ndani ya gari, kisha akaniambia mimi, siyo mama, "Mwambie anisamehe."

Nikaamua iwekwe kamera. Mdogo wangu wa kiume wa Kigali akasema hapana, nunua zile sensa zinazolia pii pii ukikaribia ukuta. Mwingine akanitumia picha za kamera ishirini kwenye simu. Ushauri ulijaa, wa kuja kushika hata bisibisi hakuna. Nilivuka peke yangu kumtafuta fundi Goma. Akaniambia, "Maman, ile ya bila waya tuiache, kwa pikapu ndefu picha inakatika-katika. Tuweke ya waya, iko solide." Nikamwamini, nikaja naye nyumbani. Akapitisha waya chini ya bodi mpaka kwenye taa ya rivasi, akafunga kioo kidogo cha kuonyesha picha karibu na usukani. Kumbe kuna kitanzi cha waya alikikata bila kuelewa kazi yake, na picha ikawa inageuza kulia kuwa kushoto. Asubuhi ya kwanza baba akafuata picha, akaukwangua mlango mzima wa gari ukutani. "Hii kamera yako iko na wazimu," akasema. Nikapanga tena foleni mpakani kumleta, fundi akaunganisha kile kitanzi huku anacheka, "Bon, sasa iko muzuri." Nilikosa tusi la kumtosha.

Ikakaa sawa. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Kesho yake mama alitoka jikoni saa ile ile na kitenge chake, akasimama pembeni ya geti, akainua mkono. Baba kioo cha mlango kakipandisha, macho kwenye kamera, akarudi nyuma, akatoka, akaenda zake. Mama akabaki na mkono juu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hakutoka.

Jioni akaniuliza, "Nani alikutuma?" Nikamwambia nilikuwa natetea goti lake. Akasema, "Goti ni langu. Yale ya kila asubuhi ndiyo maneno nilikuwa nayo na baba yako. Sina mengine." Halafu akaanza kukunja nguo. Ijumaa anahamia kwa dada yake Busasamana.

Nikamfuata baba kwa hasira, nikamwambia mke wako anaondoka. Akashangaa kweli. "Mi nilizania amechoka kusimama kwa mvua. Nilizania nimemupumuzisha." Nikamwambia basi nenda kamwambie hivyo wewe mwenyewe, mdomo unao. Akaniuliza, "Nitaanza na neno gani?" Baba yangu, mzee wa miaka sitini na nane, ananiuliza mimi niliyeachika.

Leo asubuhi aliwasha gari akashusha kioo. Akakaa, injini inanguruma, anaangalia mlango wa jikoni. Mama alikuwa nyuma ya pazia, anamwona. Nilisimama katikati ya ua nikisubiri mmoja wao aseme chochote. Mwishowe baba akapandisha kioo, akatoka kwa kamera.

Fundi yuko tayari kuja kuing'oa kesho. Nikiing'oa, namrudisha mama yangu mwenye goti bovu nyuma ya gari la mtu asiyegeuza shingo, na likimbana tena nitakuwa nimemweka pale mimi. Nikiiacha, Ijumaa nitambebea mizigo mpaka Busasamana, na nina uhakika hakuna kati yao atakayesema kwaheri. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliokaa miaka mingi kwenye ndoa, nimwambie fundi aje au asije?