Nyumba za Mtu Mmoja

Nafasi ilikuwa moja tu kwa Burundi nzima: miaka miwili ya kusomea takwimu na kompyuta katika chuo kikuu cha ng'ambo, kila kitu kikilipwa. Niliitaka hadi nikawa sikaliki. Mama alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba naondoka, na mimi, mjinga wa kwanza, sikumkanya.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kutembea: nenda mtaani kwako, andika watu wa barabara moja, kisha kompyuta ikueleze kila nyumba ina watu wangapi. Nilizunguka barabara yetu ya mtaa wa Kinama wiki nzima, mlango kwa mlango, nikaandika kila mtu kwenye mstari wake. Chuo kilitutumia programu ya mfano iliyoandikwa huko kwao. Iliwakusanya wenye jina moja la ukoo na kuwahesabu kuwa nyumba moja. Umeme uliporudi niliiendesha bila kugusa hata herufi.

Jibu likatoka: karibu kila nyumba ina mtu mmoja. Mtu mwenye akili zake angecheka. Mimi nilivimba kichwa, nikaandika ukurasa mzima, kwa Kifaransa cha kujipinda, kueleza jinsi vita na kutafuta kazi vilivyozitawanya familia za Kinama. Niliusoma mara tatu kwa raha.

Siku ya mahojiano kulikuwa na mwalimu mmoja Mrundi. Aliacha Kifaransa, akaniuliza taratibu.

"We, kwenu munakaa wangapi?"

"Mi, mama na dada zangu wawili."

"Apa umeandika nyumba ine."

Ndipo nikaona. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Hatugawani jina la baba wala la mama. Mtoto wa Kinama anajua hilo kabla hajaanza shule. Nilikuwa nimelijua maisha yangu yote, na mbele ya programu ya wageni nililisahau. Niliona aibu hata ya kuinua macho. Nafasi alipewa mwingine.

Jioni mama alinipakulia ugali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akanisikiliza hadi mwisho.

"Na mi, uliniweka na nani?"

"Peke yako, mama."

Alicheka kidogo. Kanisani hakueleza chochote, ila alihamia benchi la nyuma.

Majuto ni mjukuu. Dada zangu waliolewa, mmoja Gitega, mwingine Uvira. Mimi nilipata kibarua mkoani cha kuingiza takwimu za watu wengine, nikaondoka. Jumapili iliyopita nilimpigia mama simu nikamuuliza amekula nini. Akasema siku hizi hapiki sana, mutu mumoja hawezi kumaliza sufuria. Tulipoagana nilifungua lile jedwali la zamani, ambalo sijalifuta. Mstari wa mama uko palepale, nyumba ya mtu mmoja, na sasa hauna kosa.